Tembo wa Nadhiri

Saengla alijiharibia kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya shahidi.

Kila mtu wa San Kamphaeng anajua namna ya kuweka nadhiri kwa Bwana wa Kilima, mzimu unaolinda bonde lile. Unapiga magoti mbele ya kijumba chake, unawasha ubani, unataja jina lako na shida yako, kisha unataja utakachomletea akikusaidia. Hapo unafunga mdomo. Ukisema kuku wawili, ni kuku wawili. Ukijitia ukarimu ukasema kuku wawili weupe waliofugwa na mama yako, basi utahangaika na mama yako na kuku wake mpaka uchoke, maana Bwana yule hapokei pungufu wala hapokei badala. Anayemchelewesha hukumbushwa, na ukumbusho wake hauna upole.

Fongchan, aliyefanya kazi na Saengla, ndiye aliyetangulia kupiga magoti. Alikuwa mtu mzima, anajua mambo. "Mwanangu Tum akitoa kadi nyeusi, nitakuletea kichwa cha nguruwe na chupa mbili za pombe ya mchele." Akainuka, akakung'uta magoti, akampisha mwenzake.

Ilikuwa Aprili. Kesho yake vijana wote waliofikisha miaka ishirini na mmoja walikuwa wanakwenda uwanja wa shule kutia mkono kwenye sanduku. Ukitoa kadi nyeusi unarudi kwenu ukale. Ukitoa nyekundu unakwenda jeshini miaka miwili. Tum, mtoto pekee wa Fongchan, alikuwamo. Wit, mtoto pekee wa Saengla, alikuwamo pia.

"Mwanangu Wit akitoa nyeusi," Saengla akasema, mikono imeungana mbele ya uso, "nitakuletea tembo tisini na tisa wa kijani." Angenyamaza hapo. Lakini hofu ilimzidi, akaona tembo tu ni kidogo mno kwa roho ya mtoto. "Tembo watakaotengenezwa na mikono yetu sisi wawili, mimi na dada Fong, mwanzo hadi mwisho. Asiguse mtu mwingine."

Fongchan alimchoma kiwiko cha mbavu. "We mwanamke! Unanitia kwenye nadhiri yako bila hata kuniuliza? Je, ningekuwa na safari?"

"Safari ya wapi, dada? Wewe hata kuvuka barabara ya sokoni unashikwa mkono."

"Basi ujue unanilisha siku zote hizo. Na silishwi mboga za jana."

Walishuka kilima wakicheka na kukohoa, maana mashamba yalikuwa yamechomwa na moshi ulikuwa umeziba bonde lote.

Wanawake hao walikuwa wamefanya kazi meza moja kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye karakana ambayo mume wa Saengla aliiacha alipofariki. Walitengeneza seladoni, vyombo vile vya kijani vya kaskazini ambavyo havipakwi rangi ya dukani hata tone. Ni jivu la miti ya mlimani na tope la shamba la mpunga, halafu moto ndio unaotoa ukijani. Sahani na bakuli ziliwapa chakula, lakini jina lao lilijengwa na wanyama: bundi, samaki, sungura, na zaidi ya wote tembo wa ukubwa wa ngumi. Saengla alifinyanga mwili na miguu. Fongchan alibandika masikio, akavuta mkonga, akachonga macho. Mwisho kabisa alichukua kijiti chembamba cha mwanzi akatoboa tundu chini ya tumbo.

Tundu hilo si pambo. Tembo ana uwazi ndani. Asipotobolewa, unyevu na hewa hukosa pa kutokea, na tanuri likianza kushika moto hupasuka kwa kishindo. Mtoto wa darasa la tatu wa kijiji kile anajua hilo.

Siku ya kadi jua lilikuwa kali na moshi haujatoka. Vijana walikaa chini kwa mistari, vifua wazi, kila mmoja na namba yake begani. Wit alikuwa mbele, Tum nyuma yake. Wit akatia mkono, akatoa nyeusi, akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Saengla akapiga kelele za furaha. Zilikuwa bado zinamtoka mdomoni pale Tum alipotia mkono wake akatoa nyekundu.

Fongchan hakulia. Alisimama kidogo akiitazama ile kadi mkononi mwa ofisa, kisha akamgeukia Saengla, akamshika mkono. "Nenda kampikie mwanao," alimwambia. "Miaka miwili si mingi. Watamfundisha hata kutandika kitanda, mvivu yule."

Watu wabaya hawakosekani. Walikuwepo waliosema kwamba kama Wit asingeitoa ile kadi nyeusi, ingemwangukia Tum aliyekuwa nyuma yake. Saengla alisikia. Fongchan naye alisikia, lakini hata siku moja hakulitamka neno hilo, na hilo lilimuumiza Saengla kuliko kama angelitamka.

Sasa nadhiri ilikuwa imejibiwa na ilipaswa kuondolewa. Lakini angeanzaje? Angemwambia nini mwenzake? Dada Fong, njoo unibandikie masikio ya tembo mia kasoro mmoja, tumshukuru Bwana kwamba wangu amebaki na wako amekwenda? Alishindwa. Alipanda kilimani peke yake, akapiga magoti, akaomba muda. "Nisubiri mpaka Tum arudi," alisema. "Akirudi tutafanya wote kwa moyo mweupe." Ubani uliungua ukaisha. Akajiambia kwamba kimya kile ni ridhaa.

Tum hakurudi. Januari, mpakani, alikanyaga bomu lililotegwa njiani. Walimleta kwenye sanduku lililofunikwa bendera, na ofisa aliyekuja nalo, kijana mwenye sauti ya chini, alimwomba mama mtu asilifungue. Fongchan alilala kifudifudi juu ya sanduku lile mpaka watawa walipomaliza kusoma. Baada ya kuchomwa maiti hakurudi tena karakanani. Kiti chake kilibaki mezani na aproni yake imening'inia, na Saengla hakuwa na ujasiri wa kuiondoa.

Wiki tatu baadaye Wit alianguka na pikipiki, mahali ambapo amepita tangu utoto. Mfupa wa muundi ulivunjika ukatoboa ngozi. Waliufunga, ukaoza. Wakaufungua, wakausafisha, ukaoza tena. Daktari mwanamke mwenye miwani alimvuta Saengla pembeni. "Tutajaribu dawa nyingine mpaka mwisho wa mwezi, mama. Ikishindikana itabidi tukate juu ya goti, maana sumu ikipanda hatutakuwa tunazungumzia mguu tena."

Saengla alirudi kitandani kwa mwanawe akakaa. Harufu ya mguu ule ilikuwa imeshinda harufu ya dawa zote.

"Mama, usianze," Wit alisema. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. "Ilikuwa changarawe. Niliteleza kwenye changarawe."

"Nyamaza."

"Najua unafikiri nini. Bwana wa Kilima hana kazi ya kusukuma pikipiki za watu."

"Nimesema nyamaza, Wit. Wewe hujui nilichosema pale."

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Fongchan. Alimkuta amekaa ngazini, nywele hazijachanwa, anakunja mashati ya Tum. Akishayakunja anayakunjua, anayakunja tena.

"Umekuja," Fongchan alisema bila kuinua uso. "Nilikuwa nasema, huyu atakuja lini."

"Dada, mguu wa Wit..."

"Nimesikia. Kijiji kizima kimesikia. Pole."

Saengla akapiga magoti pale chini, kwenye vumbi. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, yakampotea yote. "Ni nadhiri, dada. Sijaiondoa. Nilisema mikono yetu wawili. Nilikuwa naisubirisha kwa kukuonea huruma, Mungu wangu, nilikuwa nakuonea huruma, na sasa wanataka kumkata mguu na labda nitampoteza kabisa. Nisaidie. Nipige kofi kwanza ukitaka, lakini nisaidie."

Fongchan aliweka shati chini. "Kwa hiyo nije nimshukuru yule Bwana."

"Si wewe. Ni mimi ninayeshukuru."

"Kwa mikono yangu." Alicheka kicheko kikavu. "Mimi niliahidi kichwa cha nguruwe. Ulimwona mjinga yule aliyekwenda na kichwa cha nguruwe? Angalau ningesema ng'ombe mzima. Wewe ulimpa tembo tisini na tisa, ukashinda. Toka hapa, Saeng. Toka kabla sijakutukana."

Saengla alitoka. Alilia njia nzima, na hakujali nani anamwona.

Lakini asubuhi iliyofuata, alipofungua mlango wa karakana, Fongchan alikuwa amekaa kwenye kiti chake, aproni imefungwa, bakuli la maji ya udongo mbele yake. "Unangoja nini?" alisema. "Fanya miili. Mimi siwezi kubandika masikio kwenye hewa."

Walifanya kazi siku kumi na moja, tembo tisa kila siku. Siku za mwanzo hawakusemezana. Siku ya nne Fongchan aliinua tembo mmoja akamtazama kwa nyuma. "Matako ya huyu ni ya mwenyekiti wa kijiji kabisa," alisema. Saengla alishtuka kama aliyesikia maiti ikiongea, halafu akacheka mpaka akalazimika kufuta kamasi. Fongchan naye alitabasamu kwa upande mmoja. Tangu siku hiyo walikula pamoja, wali wa kunata na pilipili ya kuponda, wakazungumza habari za bei ya kuni na mabinti wa siku hizi. Jina la Tum halikutajwa, wala la Wit. Saengla alianza kuona kwamba pengine ameshasamehewa, akashukuru kimoyomoyo, na alikuwa mpumbavu kwa kushukuru mapema vile.

Mikono ya Fongchan haikuwa imepoteza kitu. Masikio yalikuwa membamba kama majani, mikonga imepinda kila mmoja kwa namna yake. Kila akimaliza tembo alimpaka maji ya jivu na tope, akamweka yeye mwenyewe kwenye rafu ya kukaushia, akamfunika kwa kitambaa. Siku ya kumi na moja jioni alivua aproni, akanawa. "Kesho kutwa uwashe," alisema. "Nitakuja tukae na moto."

Kesho yake mchana Saengla alianza kupanga tembo tanurini. Ana desturi moja tangu ujana wake: hapangi kitu bila kukigeuza na kukipangusa chini. Akamgeuza tembo wa kwanza. Tumbo lilikuwa laini, zima.

Amesahau, alijiambia. Akamgeuza wa pili, wa tatu, wa kumi. Akavuta vitambaa vyote kwenye rafu, akawa anageuza na kurudisha, anageuza na kurudisha, mpaka wa mwisho. Mtu husahau mmoja, husahau hata watano. Hakuna asahauye tisini na tisa.

Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye tofali za tanuri. Kwanza alikasirika, hasira ya kweli, akataka kwenda kumwangusha mtu ngazini kwake. Kisha hasira ikamwishia ikabaki aibu. Alimkumbuka Tum akiwa mdogo, amekaa chini ya meza ile ile akila udongo, wao wawili wakimchokonoa mdomo kwa kidole. Mtoto yule alikula kwake nusu ya milo ya utoto wake. Kama mama yake anataka tembo hawa wapasuke, ni nani wa kumkatalia?

Akainuka, akapanga safu ya kwanza kama walivyo, bila matundu. Tembo kumi na wawili. Alisimama akiwatazama, akawaza kwamba Bwana naye ni mtu mzima, ataelewa, ataongeza muda.

Lakini hakuongeza muda mara ya kwanza. Na mwezi ulikuwa umebaki siku sita. Saengla aliusikia tena ule mguu puani mwake, akaona shuka limelala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa, na baada ya shuka hilo akaona sanduku. Hapo hakufikiri tena. Aliwatoa wote kumi na wawili. Akachukua msumari mwembamba aliokwisha kuunoa kwa jiwe, akauzungusha kwa vidole taratibu chini ya tumbo la wa kwanza, maana udongo mkavu ukiulazimisha unapasuka. Ilimchukua mchana wote. Hakuvunja hata mmoja, kwa sababu alikuwa fundi, na siku hiyo alitamani asingekuwa.

Aliwapanga tanurini, akaziba mlango kwa matofali, akaukandika udongo ili mtu asione ndani.

Fongchan alifika alfajiri na kikapu cha wali. Alikuwa amechana nywele, amevaa sketi safi ya kufuma, ile ya kwendea hekaluni. Saengla aliwasha. Moto wa kwanza hauna haraka. Unauanza mdogo, unauongeza gogo kwa gogo, ukikimbia umeharibu, na ukiuacha ushuke ghafla umeharibu pia. Fongchan hakukaa kwenye benchi. Alivuta kigoda mpaka karibu kabisa na ukuta wa tanuri, akakaa, mikono mapajani.

Jua likapanda nyuma ya moshi, jekundu, dogo. Saengla alimwekea chakula, hakula. Akamwekea maji, akanywa funda moja.

"Umefika wapi?" Fongchan aliuliza.

"Bado mdogo, dada."

Akasubiri. Kila gogo lililoalika motoni alishtuka, akainamisha kichwa kuelekea ukutani, kisha akakaa tena sawa. Saengla hakuweza kumtazama. Alikuwa anachochea na kuomba, wala hajui anaomba nini.

"Sasa umefika wapi?"

"Ndani pameanza kuwa pekundu." Saengla aliongeza gogo. Palipokuwa pekundu, hatari ya kupasuka ilikuwa imepita, na wote wawili walijua.

Fongchan alisogeza kigoda mbali na ukuta. Kisha akasema, "Umewatoboa."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, dada."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alitazama mikono yake mapajani, kucha bado zina udongo mweupe. "Yule ofisa aliniambia kwamba mlipuko ulisikika mpaka kijiji cha pili," alisema. "Alidhani ananifariji, kwamba ilikuwa mara moja, hakuumia. Watu nisiowajua, wanapika, wananyonyesha, wamemsikia mwanangu anakufa. Mimi nilikuwa hapa. Nilipiga hesabu ya saa ile. Nilikuwa hapa na wewe, tunacheka, nabandika bundi mabawa. Sanduku hawakuniruhusu kufungua. Sikumwona, sikumsikia. Nilitaka nisikie, Saeng. Hata kama ni udongo."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Saengla alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza alijua kunyamaza pale panapostahili, na haikumfaa kitu.

"Miaka ishirini na mitatu hujapanga kitu bila kukigeuza," Fongchan alisema. "Nilijua utaona. Sikukuficha. Nilisema, akiona akaacha..." Hakumaliza. Aliinuka, akachukua kikapu chake na wali wake haujaguswa, akarekebisha sketi kiunoni. "Mguu wake utapona. Bwana wako hana neno sasa, kila kitu ni mikono yetu wawili."

"Dada Fong."

"Dada yako mimi? Hapana."

Alivuka ua, akafungua lango la mwanzi, hakuligeukia kulifunga. Saengla alisimama. Alipiga hatua mbili, tatu, akafika katikati ya ua, akamwona anavyotembea barabarani taratibu, ameshika kikapu kwa mikono miwili. Angemfikia kwa kukimbia kidogo tu. Lakini nyuma yake aliusikia moto unashuka, tanuri linavuta pumzi ya baridi, na tembo tisini na tisa walikuwa ndani wakiwa wekundu.

Akamwita mara moja. Kisha akarudi, akachukua gogo.